Usifunge mfuniko bado: kuwasha seva ya nyumbani na kuingia kwa mara ya kwanza

Swali huja karibu kila wiki, lile lile kwa maneno tofauti. "Nimeweka Ubuntu Server kwenye laptopu ya zamani, imewaka, sasa naona maandishi meupe kwenye kioo cheusi. Nifanye nini?" Mwingine: "Seva inawaka vizuri tu, lakini kompyuta yangu haiioni." Nimejibu mpaka vidole vimechoka. Leo nayaweka yote sehemu moja, kuanzia flashi mpaka siku unapoifunga laptopu na kuipandisha juu ya kabati.

Ubuntu Server ni mfumo wa kuendeshea seva, yaani kompyuta inayokaa imewaka ikihudumia vifaa vingine, na unaongozwa kwa maandishi tu. Nazungumzia laptopu iliyostaafu, ile iliyovunjika bawaba au iliyokuwa nzito kwa Windows. Nimeichagua kwa sababu moja kubwa: betri. Umeme ukikatika, kompyuta ya mezani huzima papo hapo, na mafaili yaliyokuwa yanaandikwa yanaweza kuharibika. Laptopu huhamia kwenye betri kimyakimya. Hata betri iliyochoka, ya kukaa dakika 20, inatosha kuvuka zile nyakati umeme unakatika, unarudi, unakatika tena. Kuhusu matumizi: ikila wati 15 mchana na usiku, hiyo ni kama uniti 11 kwa mwezi. Kama mita yako ya LUKU ipo kwenye bei ya watumiaji wadogo, wale wasiovuka uniti 75, zihesabu hizo 11 mapema.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Laptopu yenye prosesa ya biti 64 na RAM ya GB 4 au zaidi. Diski yake itafutwa yote. Picha za harusi zitoe leo.
- Chaja yake iliyo nzima. Kama kibodi imeinuka katikati au mfuniko wa chini umetuna, betri imevimba: itoe, usiitumie, usiitoboe.
- Flashi ya GB 8, ambayo nayo itafutwa.
- Kebo ya mtandao, ile ya vichwa vya plastiki vinavyolia "tik" ukichomeka. Laptopu nyembamba zisizo na tundu lake zinahitaji adapta ya USB.
- Ruta ya nyumbani na nywila ya kuingilia kwenye mipangilio yake. Mara nyingi imeandikwa kwenye kibandiko cha chini.
- Kifaa cha pili cha kuingilia: kompyuta nyingine, au hata simu.
- Bando la kutosha. Faili la Ubuntu Server 24.04 LTS ni karibu GB 3, na masasisho ya mwanzo yatakula mamia ya MB.
- Daftari na kalamu. Sifanyi utani. Utaandika vitu vitano: jina la seva, jina lako la kuingilia, nywila, anwani ya IP (namba ya seva kwenye mtandao wako), na anwani ya MAC (namba ya kadi yake ya mtandao). Nusu ya wanaonitafuta usiku wamepoteza kimojawapo.

Hatua zenyewe

1. Andaa flashi. Pakua faili la ISO kwenye tovuti ya Ubuntu, toleo la Server, si Desktop. Kwenye Windows tumia programu ya Rufus kuliandika kwenye flashi. Kwenye Mac au Linux tumia balenaEtcher. Usikopi ISO kwenye flashi kama unavyokopi wimbo. Itakaa humo vizuri kabisa, na laptopu haitawaka nayo ng'o.

2. Chomeka kebo kabla ya kuwasha. Upande mmoja kwenye laptopu, mwingine kwenye ruta, kwenye tundu la LAN na si lile la WAN lenye rangi tofauti. Najua Wi-Fi ipo. Achana nayo kwa leo. Baadhi ya kadi za Wi-Fi hazitambuliki wakati wa usakinishaji, na hutajua kama kosa ni lako, la kadi au la nywila. Kwa waya, swali hilo halipo.

3. Washa kutoka kwenye flashi. Zima laptopu, chomeka flashi, washa, na papo hapo anza kubonyeza kitufe cha menyu ya kuwashia: F12 kwa Dell, Lenovo na Acer, F9 kwa HP, Esc kwa Asus. Bonyeza mara nyingi mfululizo kama unayeita lifti iliyochelewa. Windows ikianza kujitokeza umechelewa; zima uanze tena.

4. Sakinisha, na uwe macho kwenye skrini nne. Kipanya hakifanyi kazi hapa; unatembea kwa mishale, Tab na Enter. Skrini nyingi utapita tu kwa kukubali, isipokuwa hizi:

Ya mtandao. Pembeni ya jina la ajabu kama enp2s0 unatakiwa kuona anwani kama 192.168.1.50/24. Usipoiona, usiendelee. Kagua kebo, badilisha tundu, subiri kidogo.

Ya diski. Chagua kutumia diski nzima. Itakuuliza mara ya pili kama una uhakika, na hapo ndipo pa mwisho pa kurudi nyuma.

Ya wasifu. Hapa unaandika jina la seva na jina lako la kuingilia, vyote kwa herufi ndogo bila nafasi. Mimi nitatumia seva *kabati* na mtumiaji *asha*. Kwenye nywila, weka ndefu ya herufi na tarakimu tu, alama kama @ na " ziache kwanza. Sababu yake niliilipia jioni nzima. Laptopu nyingi za mtumba zinatoka Uingereza, na kibodi zao zimebadilishana nafasi ya @ na " ukilinganisha na za Kimarekani. Niliiweka seva kwa mpangilio wa Kimarekani, nikabonyeza kitufe chenye picha ya @, seva ikaandika ". Nikiwa mbele yake niliingia bila shida kwa sababu nilibonyeza kitufe kile kile. Nilipojaribu kwa simu, nikaandika @ ya kweli, nikakataliwa mara kumi.

Ya SSH, yaani njia ya kuingia kwenye seva kutoka kifaa kingine. Hapa ndipo wengi wanapoangukia. Kuna kisanduku kimeandikwa "Install OpenSSH server". Nenda juu yake, bonyeza kitufe kirefu cha nafasi mpaka alama ya X itokee ndani, *ndipo* uendelee. Ukipitisha Enter tu, seva itawaka vizuri, itapata mtandao, na haitampokea mtu yeyote kutoka nje.

Skrini inayofuata ina orodha ya programu za ziada. Usichague chochote.

5. Iwashe upya. Ukiona "Reboot Now", bonyeza. Itakuambia utoe flashi na ubonyeze Enter. Toa kweli, la sivyo utajikuta umerudi mwanzo wa usakinishaji ukidhani kazi yote imepotea.

6. Ingia ukiwa mbele yake. Utaona neno *kabati login:* halafu, kabla hujaandika, mistari kadhaa itamwagika juu yake na kila kitu kitatulia. Watu wengi huzima laptopu hapa kwa nguvu wakidhani imekwama. Haijakwama, inamalizia kujipanga na maandishi yamefunika lile swali. Bonyeza Enter mara moja, *login:* itarudi. Andika asha, Enter, kisha nywila. Nywila haionekani unapoiandika, hata vinyota havipo. Andika tu kwa utulivu.

Ukifaulu utaona hiki:

`asha@kabati:~$`

Hapo umeingia ndani.

7. Tafuta anwani yake. Andika:

`ip a`

Puuza sehemu ya *lo* yenye 127.0.0.1; hiyo ni seva inajiita yenyewe. Shuka mpaka kwenye jina uliloliona wakati wa kusakinisha, utafute mstari unaoanza na *inet*. Namba za kabla ya mkwaju ndiyo anwani: 192.168.1.50, au 192.168.8.102, au 10.0.0.7, kulingana na ruta. Mstari wa juu yake, unaoanza na *link/ether*, una namba na herufi sita mbilimbili zenye nukta mbili katikati. Hiyo ni anwani ya MAC. Ziandike zote mbili kwenye daftari.

8. Piga hodi kutoka kifaa cha pili. Hakikisha kifaa hicho kipo kwenye ruta ile ile. Simu iliyo kwenye data ya mtandao wa simu haipo nyumbani, hata kama umeishika ukiwa sebuleni. Kwenye Windows 10 au 11 fungua PowerShell. Kwenye Mac fungua Terminal. Kwenye Android weka Termux, kisha andika `pkg install openssh`. Halafu:

`ssh asha@192.168.1.50`

Mara ya kwanza utaulizwa kama una uhakika wa kuendelea, pamoja na msururu wa herufi unaoanza na SHA256. Ule ni utambulisho wa seva yako. Ukitaka kuwa makini, andika `ssh-keygen -lf /etc/ssh/ssh_host_ed25519_key.pub` kwenye seva yenyewe ulinganishe. Kisha andika *yes*, neno zima. Herufi *y* peke yake haikubaliki. Weka nywila. Ukiona *asha@kabati:~$* kwenye kifaa chako, unaweza kunyoosha mgongo.

Wakati huu ndipo watu hufurahi, wakafunga mfuniko na kwenda kulala. Usifunge. Laptopu ikifungwa hulala, na seva iliyolala haijibu.

9. Ifundishe kutolala. Ukiwa umeingia, andika amri hii (*sudo* ni kuomba mamlaka ya msimamizi, itakuuliza nywila yako; *nano* ni programu ya kuhariri maandishi):

`sudo nano /etc/systemd/logind.conf`

Tafuta mstari wa *#HandleLidSwitch=suspend*. Futa alama ya # ya mwanzo, na badala ya *suspend* andika *ignore*. Bonyeza Ctrl+O, Enter, kisha Ctrl+X. Kosa la kawaida ni kubadilisha neno na kuiacha ile #. Mstari wenye # seva inauruka.

Ukiwa hapo hapo, maliza na haya:

`sudo apt update`
`sudo apt upgrade`
`sudo timedatectl set-timezone Africa/Dar_es_Salaam`

Ya saa usiidharau. Seva mpya hufuata saa ya UTC, iliyo nyuma yetu kwa saa tatu. Kwako saa mbili asubuhi, yenyewe inaandika 05:00, na wewe uliyezoea kuhesabu kuanzia alfajiri utachanganyikiwa mara mbili siku ukitafuta kilichoharibika na lini. Wa Nairobi ataandika Africa/Nairobi. Saa ni ile ile.

Jua pia kwamba Ubuntu hujipakulia masasisho ya usalama yenyewe bila kukuuliza. Ni jambo zuri, ila kama unaishi kwa bando la wiki, usije ukamsingizia mtoto wa jirani.

10. Ipe anwani ya kudumu. Ile 192.168.1.50 umeazimwa tu. Ruta ikizima na kuwaka, inaweza kuigawa kwa simu ya mgeni, na seva ikapewa nyingine. Fungua kivinjari, andika anwani ya ruta (mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.0.1, ruta nyingi za 4G za Huawei ni 192.168.8.1), tafuta sehemu ya DHCP, inayogawa anwani, na humo panapohusu kuhifadhi anwani. Ingiza ile MAC ya kwenye daftari na anwani unayotaka. Fanya kazi hii kwenye ruta, si ndani ya seva. Ukikosea kwenye ruta unarudi na kurekebisha. Ukikosea ndani ya seva, unaweza kujifungia nje.

11. Ijaribu kabla ya kuipandisha kabatini. Andika `sudo reboot`. Utatolewa nje, ni kawaida. Subiri dakika mbili, piga hodi tena. Ukiingia, funga mfuniko, hesabu mpaka thelathini, ujaribu tena. Ukiingia tena, chomoa chaja kwenye ukuta uone kama inaendelea kujibu. Kiasi cha betri utakiona kwa:

`cat /sys/class/power_supply/BAT0/capacity`

Kwenye baadhi ya laptopu ni BAT1. Yote matatu yakipita, chomeka chaja, ipandishe kabatini.

Pa kuiweka pachague kwa akili. Si kitandani, si chini ya nguo, si karibu na jiko. Yangu ya kwanza ilikuwa inazima kila alasiri, nikashuku betri, nikashuku diski. Kumbe mama alikuwa ameifunika kitambaa cha kufuma, kama anavyofunika redio na televisheni, na matundu ya hewa yote yalikuwa chini ya maua ya uzi. Tulikubaliana kitambaa kikae chini yake na kiishie ukingoni. Na kama chaja iko kwenye ekstensheni ya familia, bandika karatasi kwenye soketi, maana ikifika zamu ya pasi hakuna anayeuliza hiyo waya ni ya nini.

Siku ukitaka kuizima, ni `sudo poweroff`. Kushikilia kitufe cha nguvu ni kwa dharura tu.

Ikigoma

Soma kwanza ujumbe uliotoka, kwa sababu kila mmoja una maana yake. Uchukulie kama hodi.

*Connection timed out* au *No route to host*: umepiga hodi, hakuna aliyejibu. Ama nyumba siyo, ama mwenyewe amelala. Fungua mfuniko, andika `ip a`, linganisha anwani. Kama anwani ni sahihi, angalia kifaa chako: huenda kipo kwenye Wi-Fi ya wageni. Ruta nyingi huwazuia wageni wasivione vifaa vingine, na baadhi zina mpangilio unaoitwa "AP Isolation" unaofanya hivyo kwa kila mtu. Uzime.

*Connection refused*: mwenyewe yupo, mlango umefungwa. Karibu kila mara ni kile kisanduku cha SSH kilichorukwa. Mbele ya seva andika `sudo apt install openssh-server`, ujaribu tena. Kuna mtego mmoja hapa. Kwenye 24.04, ukiandika `systemctl status ssh` unaweza kuona *inactive* ilhali kila kitu kiko sawa, kwa sababu huduma husubiri mgeni wa kwanza ndipo iamke. Angalia `systemctl status ssh.socket`, hiyo ndiyo inayotakiwa kuwa *active*.

*Permission denied*: umefika mlangoni, ufunguo ndio siyo. Hakiki jina kwanza. Wengi huandika *root* au jina lao la Windows badala ya lile walilolichagua. Kisha Caps Lock. Kisha kumbuka habari yangu ya @.

*REMOTE HOST IDENTIFICATION HAS CHANGED*, kwa herufi kubwa za kutisha: anwani ni ile ile lakini aliyefungua mlango ni mwingine. Kama umesakinisha upya seva, ni kawaida. Futa kumbukumbu ya zamani kwa `ssh-keygen -R 192.168.1.50`. Kama hujasakinisha upya, usiweke nywila mpaka ujue nani yuko kwenye anwani hiyo.

Inawaka lakini inakaa dakika mbili kwenye mstari unaosema inasubiri mtandao: kebo haijakaa. Isubiri, itapita yenyewe, halafu shughulikia kebo.

Diski ni ya GB 500 lakini `df -h` inaonyesha 100 tu: hujaibiwa. Kisakinishi cha Ubuntu kwa kawaida hutenga sehemu tu na kuacha iliyobaki ikiwa wazi. Chukua yote:

`sudo lvextend -l +100%FREE /dev/ubuntu-vg/ubuntu-lv`
`sudo resize2fs /dev/ubuntu-vg/ubuntu-lv`

Umeme ukikatika seva haionekani ingawa betri ina chaji: ruta ndiyo iliyozima. Seva ipo, njia ndiyo haipo. Vile vipawabenki vya ruta vya volti 12 vinamaliza tatizo hili, mradi plagi iingie vizuri.

Na kuingia ukiwa nje ya nyumba?

Swali hili hufuata siku ya pili, na jibu linategemea ruta yako. Angalia anwani iliyopewa ruta upande wa intaneti. Ikianza na 10, au ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, unashiriki anwani moja ya umma na wateja wengine, hali ya kawaida kwa ruta za 4G. Kufungua milango kwenye ruta hakutasaidia chochote. Na kama una anwani ya umma ya peke yako, usiufungue mlango wa 22, ambao SSH hutumia, kwa kutegemea nywila. Roboti zitaanza kubahatisha *root* na *admin* kabla hujamaliza chai.

Tumia Tailscale, huduma inayounganisha vifaa vyako kwa mtandao wenu binafsi kupitia intaneti. Fungua akaunti, kisha kwenye seva:

`curl -fsSL https://tailscale.com/install.sh | sh`
`sudo tailscale up`

Itakupa kiungo, kifungue kwenye kivinjari uidhinishe. Weka programu hiyo hiyo kwenye simu kwa akaunti ile ile. Zima Wi-Fi, washa data, andika `ssh asha@kabati`. Ikikuuliza nywila ukiwa kwenye daladala, imekubali.